Deni la Jukwaa kwa Wanamazingaombwe

Subiri giza liingie, washa taa ya sebuleni, kisha simama karibu na dirisha la kioo utazame nje. Nyumba nyingi mpya za Madale, Dar es Salaam, zina madirisha makubwa ya aluminiamu, kwa hiyo jaribio hili halina gharama. Utauona mwembe au ukuta wa jirani, na hapohapo utajiona mwenyewe umesimama uani, mwili wako ukipitisha mwanga. Mtu akipita nje, mtaonekana mko pamoja. Umeme ukikatika, yule wa uani anatoweka papo hapo.

Siri hiyohiyo ilitikisa jukwaa la Ulaya mwaka 1862. Mkesha wa Krismasi, katika ukumbi wa Royal Polytechnic jijini London, John Henry Pepper alionyesha igizo lililotokana na hadithi ya Charles Dickens, na mzuka ukatokea kando ya mwigizaji aliye hai. Wazo la awali lilikuwa la mhandisi Henry Dircks. Kioo kikubwa kilisimamishwa kwa kuinamishwa mbele ya jukwaa, na aliyecheza mzuka alifichwa chini, mahali macho ya watazamaji yasipofika. Akimulikwa kwa taa kali, taswira yake iliangukia kwenye kioo ikaonekana iko jukwaani. Taa ikififia, naye anayeyuka.

Tangu hapo mafundi wa mazingaombwe na mafundi wa maigizo wameazimana vifaa bila kukoma. Miaka ya 1880, Mjerumani Max Auzinger alionyesha kwamba kitu kilichofunikwa kitambaa cheusi, mbele ya pazia jeusi, hakionekani kabisa mwanga ukipangwa vizuri. Mwaka 1888 Georges Méliès alinunua ukumbi wa mazingaombwe jijini Paris, na baadaye akaingiza ujanja wa ukumbi huo katika filamu zake, ikiwemo ile ya safari ya mwezini ya mwaka 1902. Hata igizo kubwa la Harry Potter lililoanza London mwaka 2016 lilikuwa na mtaalamu wake wa viini macho, Jamie Harrison, aliyefanya kazi bega kwa bega na mwongozaji.

Lakini vioo na vitambaa ni sehemu ndogo ya deni hilo. Kitu kikubwa ambacho jukwaa lilijifunza kwa wanamazingaombwe ni namna ya kuyaongoza macho ya watu. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Tanzania tumewahi kuketi chini uwanjani kumtazama mtu akigeuza karatasi kuwa noti. Mtazame fundi wa aina hiyo kwa makini. Karatasi iko mkono wa kulia. Anainua mkono wa kushoto na kuukazia macho yeye mwenyewe, kisha anamgeukia mtoto wa mstari wa mbele na kumwuliza jina lake. Watoto wote wanamgeukia mwenzao na kucheka. Katika kicheko hicho mkono wa kulia umeshuka, umeiacha karatasi na kuchukua noti iliyokunjwa mapema. Kazi imekwisha kabla hajasema kwamba anaanza. Wakati anapuliza ngumi na kutamka maneno yake, hakuna tena cha kugundua.

Mwongozaji wa maigizo anaishi kwa kanuni hizohizo. Hadhira hutazama pale anapotazama mwigizaji. Hufuata kinachosogea kuliko kilichotulia, na ikicheka hulegeza ulinzi. Ukitaka kifo cha ghafla jukwaani kiwashtue watu, usikitangaze. Wape jambo la kutazama upande wa pili.

Kwetu maarifa haya hayakuja na meli. Usukumani, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huvikutanisha vikundi viwili kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana wachezaji wao huleta chatu, sanamu na vituko vya kila namna. Kikundi kinachoshindwa kuyashika macho ya watu hubaki kikijichezea chenyewe. Huo ni mtihani mkali kuliko wa ukumbi wowote wenye viti na tiketi.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na shule yake. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano na, kuanzia mwaka 1992, Tanzania One Theatre, vilichanganya ngoma, sarakasi, mazingaombwe, nyimbo na maigizo katika onyesho moja. Mtazamaji wa Kinondoni au Temeke alilipa kiingilio kimoja akapata vyote. Mwigizaji aliyepanda jukwaani baada ya mwanamazingaombwe alilazimika kuwashika watu waliokwisha kushikwa barabara. Ushindani huo uliwanoa waigizaji.

Linalonisikitisha ni kwamba wasomi wa sanaa za maonyesho tumeichukua ngoma, tumeichukua hadithi ya kimapokeo, lakini mazingaombwe tumeyaacha mlangoni kama burudani ya watoto. Sababu mojawapo ni hofu. Jamii yetu imeumizwa na imani za uchawi, na fundi wa viini macho huogopa kushukiwa. Mimi naona kinyume: jukwaa ndilo mahali salama pa kuonyesha jinsi imani inavyojengwa na inavyotumiwa.

Historia inatupa mfano wa Algeria. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma huko Jean-Eugène Robert-Houdin, mwanamazingaombwe mashuhuri, ili awavunje nguvu viongozi wa dini walioaminika kuwa na karama. Kwa maelezo ya kitabu chake mwenyewe, alimwita mwanamume mwenye misuli anyanyue kasha, naye akalinyanyua bila taabu. Kisha akamtangazia kwamba amemnyang'anya nguvu zake. Safari hii kasha halikubanduka, kwa sababu sumaku ya umeme iliyofichwa chini yake ilishika chuma cha kasha. Alisimama pia mbele ya bunduki akatoka salama. Watazamaji walielezwa kwamba ni mchezo baada ya onyesho tu. Hapo kiini macho kilikuwa silaha ya mkoloni.

Karibu miaka hamsini baadaye, huko Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, mganga Kinjeketile Ngwale aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Simulizi zinasema alizama mtoni akalala humo, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Alinyongwa Mohoro Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, hakumdhihaki wala hakumtakasa. Alimweka mbele yetu mtu aliyewaunganisha watu kwa imani, akashindwa kuizuia imani hiyo isiwapeleke mbele ya bunduki, na mwishoni akakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.

Tamthilia hii inahitaji fundi wa mazingaombwe. Kama watazamaji hawatashangaa mtu anapotoka mtoni, hawataelewa kwa nini maelfu waliamini. Na si lazima kuwa na fedha nyingi. Tandaza kaniki nyuma ya jukwaa lote. Tafuta waigizaji wawili wa kimo kimoja, wavae kanzu nyeupe zinazofanana, na wafiche nyuso kwa kilemba hadi wakati mwafaka. Taa ziwe pembeni, zisiimulike kaniki moja kwa moja. Wa kwanza amwagiwe ndoo ya maji mbele ya watu, kisha atambae nyuma ya kitambaa cha buluu kinachotikiswa na wenzake. Hapo waombolezaji waangue kilio mbele kulia, wakiwa na tochi mkononi. Macho yote yatakwenda huko, naye atafunikwa kaniki na kutambaa nje. Wa pili, mkavu, amekwisha kulala chini ya kaniki nyingine tangu mwanzo wa onyesho. Ikivutwa, anainuka. Zoezeni mara nyingi, na msitumie moto wa wazi karibu na vitambaa.

Onyesho likiisha, waigizaji warudie mbele ya watazamaji mchezo huo wakiwa wamewasha taa zote. Watazamaji waone kaniki, waone waigizaji wawili. Kijana aliyeshangaa, kisha akaonyeshwa jinsi alivyoshangazwa, ataondoka na maarifa ya kumsaidia akikutana na mganga tapeli au mtu anayeahidi kuzidisha fedha kwa usiku mmoja.

Naiomba Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), pamoja na vyuo vikuu vinavyofundisha sanaa za maonyesho, viwaite mafundi wa mazingaombwe waliobaki, viwalipe, na viandike wanachokijua kabla hakijapotea. Na wewe mwalimu wa Kiswahili wa Madale au kokote uliko, unapoandaa Kinjeketile muhula ujao, usiridhike na wanafunzi kusimama mstari mmoja wakisoma maneno. Nunua kaniki, mtafute fundi aliyewahi kuzunguka shuleni kwenu, mpe wiki mbili na wanafunzi wako.