Gari la mbao: kagua chesisi kabla ya rangi
Msimu wa karafuu unapoleta fedha, mkulima wa Gombani, Pemba, huweza kushawishika kununua gari la mbao la abiria na mizigo. Yapo yaliyojengwa juu ya malori ya Bedford, chapa ya Uingereza iliyoanza 1931 chini ya General Motors ya Marekani. Bodi iliyochongwa vizuri huvutia, lakini rangi haibebi mzigo. Mnunuzi aende na fundi, akague kutu kwenye chesisi na ahakikishe namba ya injini iliyobadilishwa imo kwenye kadi. Tuseme gari linauzwa shilingi milioni 6, nalo hubakiza 20,000 kwa siku baada ya gharama zote: fedha hurudi kwa siku 300 za kazi. Likihitaji injini ya milioni 2, ni siku 400. Siku hizo 100 ndizo za kujadiliwa kwenye bei.