Malkia na mumewe wa udongo

Mwanamke ana taji kichwani na gauni lililotanda hadi miguuni. Mwanamume aliye ubavuni pake ana masharubu na nguo za kiaskari. Mashavu yao yameguswa rangi nyekundu kidogo, macho ni nukta tu, na chini ya miguu yao yameandikwa majina kwa rangi ya dhahabu ili asije mtu akakosea: huyu ni Malkia Victoria wa Uingereza, na huyu ni mumewe Albert. Lakini wageuze uwatazame mgongoni. Hapana kitu. Hapana mikunjo ya nguo wala rangi; ni bapa kama mlango.

Sababu yake ni nyepesi. Sanamu hizi ziliwekwa juu ya ubao ulio juu ya meko ya kuotea moto, zikaegemezwa ukutani. Nani angeuona mgongo? Mfinyanzi aliyeuza kwa bei ya kibarua hakuwa na haja ya kupoteza rangi na saa zake kwa mahali pasipoonekana.

Zilitoka Staffordshire, katikati ya Uingereza, kwenye ile miji sita ya wafinyanzi: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, ambayo mwaka 1910 iliunganishwa ikawa Stoke-on-Trent. Huko makaa ya mawe yalichimbwa karibu, na anga ilijaa moshi wa matanuri yenye umbo la chupa. Wakubwa walinunua vyombo vya akina Wedgwood. Sanamu zetu hizi zilifinyangwa kwenye vijikarakana vya uchochoroni, na wengi wa waliozitengeneza hawakuacha hata alama ya jina. Mmoja wa wachache wanaojulikana ni Sampson Smith wa Longton, aliyefariki mwaka 1878.

POSA

Kwa nini mke na mume? Kabla ya Victoria, nyumba ya kifalme ya Uingereza ilikuwa na mambo ya kuficha uso. Mwaka 1820 Mfalme George wa Nne alijaribu kumwacha mkewe Caroline kupitia Bunge, na siri zao za chumbani zikasomwa magazetini nchi nzima. Nduguye William wa Nne alizaa watoto kumi na mwigizaji wa michezo ya jukwaani, Dorothea Jordan, bila ya ndoa. Naye alipofariki tarehe 20 Juni 1837, kiti kilimwangukia binti wa ndugu yake, Victoria, umri wake miaka 18.

Albert alikuwa Mjerumani wa Coburg, mtoto wa mjomba wake Victoria khasa, kwani mama yake Victoria na baba yake Albert walikuwa ndugu. Hilo kwetu Pwani halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba mwanamke ndiye aliyeposa! Mila ya kifalme haikumruhusu mwanamume yeyote kumposa malkia aliye kwenye kiti, kwa hiyo tarehe 15 Oktoba 1839, huko Windsor, Victoria alimwita Albert na kumwambia mwenyewe. Walioana tarehe 10 Februari 1840. Bunge halikumpenda sana mgeni huyu: serikali iliomba apewe pauni 50,000 kwa mwaka, wabunge wakazipunguza hadi 30,000. Lakini wafinyanzi walimpenda. Hapa palikuwa na kijana na kijana mwenzake, ndoa ya halali, kisha watoto tisa. Mke wa mchimba makaa aliweza kuwatazama akaona nyumba inayofanana na ile ambayo yeye angependa kuwa nayo.

Watoto wa Malkia walipoanza kuoa na kuolewa, biashara ilipata nguvu mpya. Binti yake mkubwa aliolewa na Frederick William wa Prussia mwaka 1858. Edward, mrithi wa kiti, alimwoa Alexandra wa Denmark mwaka 1863. Kila harusi ilileta bwana na bibi arusi wapya wa udongo. Hata Napoleon wa Tatu wa Ufaransa na mkewe Eugénie, waliozuru Uingereza mwaka 1855, walipata mahali pao juu ya meko ya Waingereza.

Wakati huo Waingereza na Wafaransa walikuwa wakipigana na Warusi katika vita vya Crimea, wakiwa upande mmoja na Waturuki. Basi ikatoka sanamu moja ambayo msomaji Mwislamu hawezi kuipita bila kusimama. Watu watatu wako pamoja, na chini yake pameandikwa majina ya nchi tatu, Uturuki, Uingereza na Ufaransa. Katikati ni Victoria. Upande mmoja ni Napoleon, na upande wa pili ni Sultani Abdul Majid, aliyekuwa Khalifa wa Waislamu. Alifanyiwa sanamu pia Omar Pasha, jemadari wa Kituruki, Mserbia aliyesilimu. Sijui kama Sultani angefurahi, maana hukumu ya masanamu anaijua kila aliyekaa chuoni. Na zidaka za nyumba za kale za Lamu zilipambwa kwa sahani na mabakuli kutoka Uchina, si kwa sura za watu. Ama mfinyanzi wa Burslem hakuwa na habari ya hayo. Kwake Sultani alikuwa rafiki wa Malkia, na rafiki wa Malkia alinunulika.

KALIBU

Je, mfinyanzi aliwaona wapi wakubwa hawa? Hakuwaona. Alitazama michoro ya magazeti, hasa ile ya Illustrated London News lililoanza mwaka 1842, au picha za jalada za karatasi za muziki. Kutokana na mchoro alifinyanga sanamu ya kwanza, na juu ya hiyo ikatengenezwa kalibu ya plasta, nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Kipande cha udongo kilishindiliwa kwa vidole ndani ya kila nusu, nusu zikaungwa kwa tope laini, na kikaachwa kitundu kidogo hewa ipate kutoka, la sivyo sanamu ingepasuka motoni. Kisha tanuri, rangi, maji ya kung'arisha, tanuri tena, dhahabu, na tanuri mara nyingine.

Kalibu ikitumika sana pua hufifia na vidole hushikana. Kwa hiyo Malkia yule yule wa kalibu moja anaweza kuwa na uso mkali katika sanamu hii na katika ile akawa kama aliyeoshwa na mvua. Na hakufanana na mwenyewe tangu hapo. Victoria alikuwa mfupi, hakufika futi 5; wafinyanzi aghalabu walimrefusha akakaribiana na mumewe.

Lililomfanya kuwa Victoria ni jina. Na majina hayo yalitembea. Baadhi ya maharusi wameandikwa Mwana wa Mfalme na mkewe tu, bila kusema ni nani, na hadi leo wakusanyaji wanabishana kama ni wale wa Prussia au ni Edward na Alexandra. Liko kosa lililo mashuhuri kuliko yote: sanamu ya Benjamin Franklin, Mmarekani, iliyoandikwa jina la George Washington. Iliuzwa hivyo hivyo.

WATOTO

Mwaka 1841 Samuel Scriven, aliyetumwa na tume ya serikali kuchunguza kazi za watoto, alitembea karakana za Staffordshire akiwahoji wafanyakazi wenyewe. Aliwakuta watoto ambao hawajafika miaka 10 wakibeba kalibu mbio kati ya meza ya mfinyanzi na chumba cha moto cha kukaushia, na wengine wakifinyanga vijisanamu na kupaka rangi. Siku ya kazi ilikuwa ndefu kupita kiasi. Maji ya kung'arisha yalikuwa na risasi, ambayo ni sumu, na vumbi la mawe ya gumegume liliwaharibu wafinyanzi mapafu. Sheria ya viwanda haikuwafikia wafanyakazi wa huko mpaka mwaka 1864, yaani Victoria na Albert walikuwa wamekwisha kukaa juu ya meko miaka zaidi ya 20.

Ndiyo maana naona si haki kuzitazama sanamu hizi kama michezo ya kuchekesha, kama wanavyofanya wengine. Yule mtoto aliyemtia Malkia wekundu wa mashavu hakumjua ila kwa michoro, na Malkia hakumjua yeye kabisa.

Albert alifariki Windsor tarehe 14 Desemba 1861, umri wake miaka 42. Sisi tunaijua eda ya miezi minne na siku kumi. Victoria alivaa nguo nyeusi hadi alipokufa tarehe 22 Januari 1901, miaka 39! Sayyid Barghash wa Zanzibar alipopokelewa naye Windsor mwaka 1875, aliyemwona ni mjane huyo, wala si bibi arusi wa mashavu mekundu.

Juu ya meko, hata hivyo, Albert alibaki kijana. Kilichoanza kumtoa ni picha. Mwaka 1860 mpiga picha John Mayall alitoa picha ndogo za karatasi za Malkia na jamaa yake, zikauzwa kwa wingi mno, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida alijua Malkia wake ana uso gani. Sanamu hazikufa mara moja, ila rangi zikapungua. Ile buluu nzito ya mwanzo ikawa adimu, na nyingi za mwishoni ni nyeupe zenye mistari ya dhahabu. Karakana ya akina Kent huko Burslem iliendelea kutoa sanamu kwa kalibu za kale hadi mwaka 1962.

Siku hizi zimejaa madukani za kuigiza, nyufa zake nyembamba zimetiwa makusudi zionekane za zamani. Anayetaka kununua asidanganywe na nyuso. Aipime kwanza mkononi: ya kuigiza humiminwa udongo wa majimaji ndani ya kalibu, ikawa nyepesi, na tundu lake la chini aghalabu ni kubwa la duara. Ya kweli ni nzito, tundu lake dogo. Na ikiwa imevunjika, achungulie ndani. Mara nyingine ataziona alama za vidole, pale udongo uliposhindiliwa.