Majuto ya Ashoka na mipaka yake

Dola ya Maurya ilijengwa kwa upanga. Karibu mwaka 321 KK, Chandragupta aliupindua ukoo wa Nanda, akatawala kutoka Pataliputra, mji ambao leo ni Patna, kaskazini mwa India. Baadaye Seleucus, aliyekuwa jemadari wa Aleksanda Mkuu, alimwachia nchi zilizo magharibi ya mto Indus, naye akapewa tembo 500. Mjukuu wa Chandragupta, Ashoka, aliishambulia Kalinga, kwenye pwani ya mashariki, miaka minane baada ya kutawazwa. Kisha akafanya lisilo kawaida kwa mfalme mshindi: aliamuru ichongwe mwambani kwamba watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, naye anajuta.

Wapo wanaosema majuto hayo ni unafiki, na hoja zao si haba. Kalinga hakuirudisha. Tangazo hilohilo linawaonya watu wa misituni kwamba mfalme anayejuta bado ana nguvu za kuadhibu. Hukumu ya kifo hakuifuta. Aliwaongezea tu waliohukumiwa siku tatu. Tena, huko Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la majuto halikuchongwa. Lakini mnafiki angeficha idadi ya maiti, asingeitangaza. Maelezo yanayotosheleza zaidi ni kwamba Ashoka alitambua kuwa jeshi huteka nchi, ila haliwezi kukaa katika kila kijiji. Kwa hiyo alihitaji kusema na raia: kwa Kiprakriti sehemu nyingi, na kwa Kigiriki na Kiaramu huko Kandahar, huku akiteua maofisa wa kusimamia dhamma, yaani mwenendo mwema.

Wengine humlaumu kwamba upole wake ndio ulioiua dola. Hata hivyo, hakuna andiko lake linalosema alivunja jeshi, na ukoo wake ulidumu karibu nusu karne baada yake, hadi Brihadratha alipouawa na jemadari wake mwenyewe, Pushyamitra, karibu mwaka 185 KK. Uzito wa Ashoka unaonekana katika kile alichokichonga Kalinga badala ya majuto: maofisa wasiwafunge wala kuwatesa watu bila haki, na agizo hilo lisomwe hadharani, hata kwa msikilizaji mmoja. Huo haukuwa uhuru. Lakini raia aliyelisikia alijua ofisa anayemwonea anavunja amri ya mfalme.