Fimbo Fupi ya Kuvulia Penye Vichaka

Umekwisha kuvua samaki kwa ndoana katika kijito cha msituni? Basi unajua taabu yake. Uzi hunasa katika matawi kabla haujafika majini. Ukiuvuta, majani yanatikisika, na samaki wote wanakimbia. Huko mbali, katika nchi ya Marekani, wako wavuvi wenye taabu hiyo hiyo, lakini yao ni kubwa zaidi. Tuone wanavyochagua fimbo zao.

Upande wa mashariki wa Marekani kuna milima iitwayo Great Smoky Mountains. Mvua ni nyingi huko, na vijito vyake ni baridi sana. Ndani yake hukaa samaki mdogo mzuri, mwenye madoadoa mekundu ubavuni, aitwaye trauti wa vijito. Ndiye mwenyeji wa milima ile. Zamani alikaa hata katika mito ya chini. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya mbao yalikata miti mingi. Maji yakapata joto na kujaa matope. Halafu watu walileta trauti wa namna nyingine kutoka magharibi, nao wakamsukuma mwenyeji. Akabaki huko juu, katika vijito vyembamba. Tangu mwaka 1934 milima ile ni mbuga ya taifa, na msitu umeota tena. Kwa hiyo anayemtaka samaki huyu sharti apande mpaka penye vichaka.

Na vichaka gani! Kuna mti mdogo unaoitwa rododendroni. Majani yake hayaanguki hata wakati wa baridi. Matawi yake yanapindana na kuinama juu ya maji kama paa la nyumba. Mahali pengine mtu hawezi kupita ila kwa kutambaa. Wazee wa milima ile waliviita vichaka hivyo jehanamu, na aliyepita humo hawezi kuwacheka.

Labda utauliza: Kwa nini wasitie mnyoo katika ndoana na kuuangusha tu majini? Sheria ya mbuga inakataza. Chambo chenye uhai hakiruhusiwi. Wengi huvua kwa nzi wa uongo, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Sisi tukitaka kutupa ndoana mbali, tunafunga risasi au kijiwe. Uzito huo unavuta uzi. Lakini nzi wa manyoya hana uzito. Ukimtupa, anaanguka miguuni pako. Basi wavuvi hao hutumia kamba nzito kidogo, na kamba ndiyo inayombeba nzi. Mvuvi huirusha kwanza nyuma yake mpaka inyoke hewani, kisha huirusha mbele. Fimbo inapinda, halafu inajinyosha kwa nguvu na kuituma kamba. Katika mto mpana hakuna shida. Lakini chini ya paa la matawi, nyuma hakuna nafasi, wala juu, wala kando.

Fimbo ya kawaida ya kazi hii ina urefu wa metre 2 na santimetre 70 hivi. Ukiiinua katika vichaka vile, ncha yake inagonga matawi, na nzi anabaki juu ya mti. Ndiyo maana wavuvi wa vijito huchukua fimbo ya metre 1.80 mpaka 2.30. Ncha yake hupita chini ya matawi. Tena ni rahisi kuibeba mtu akitambaa.

Lakini urefu peke yake hautoshi. Wengi hununua fimbo fupi iliyo ngumu, nao wanashangaa kwamba haitupi kitu. Sababu ni hii. Kamba za kazi hii hupewa namba kwa uzito wake. Kamba ya namba 3, ukipima metre 9 za kwanza, ina gramu 6 na nusu tu. Na chini ya miti mvuvi hawezi kutoa metre 9. Hutoa 3 au 4, nazo hazifiki hata gramu 3. Uzito mdogo hivyo hauwezi kuipinda fimbo ngumu, na fimbo isiyopinda haina nguvu ya kurusha. Basi fimbo fupi sharti iwe laini. Zamani zilitengenezwa kwa mwanzi wa China, uliopasuliwa na kugandishwa vipande sita pamoja. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 zilikuja fimbo za nyuzi za kioo, na baadaye, kama mwaka 1970 na kuendelea, za kaboni. Za kaboni ni nyepesi, lakini nyingi ni ngumu. Kwa kijito chembamba nyuzi za kioo hufaa sana, maana zinapinda polepole. Mwenye fimbo ngumu aweza kuitia kamba nzito zaidi kwa namba moja.

Usidhani pia kwamba fimbo ikizidi kuwa fupi ndivyo inavyozidi kufaa. Fimbo fupi haifiki mbali. Mvuvi akisimama nyuma ya jiwe, kamba yake inalala juu ya mkondo wa maji, nao unamkokota nzi. Samaki anaona kwamba mdudu huyu anakwenda vibaya, anamwacha. Katika milima ya Japani wavuvi hutumia fimbo ya metre 3.60 hivi, nao hushusha nzi taratibu bila kulaza kamba majini. Basi tazama paa la kijito chako. Kama matawi yako chini, chukua fupi. Kama yako juu na vichaka viko kando tu, ndefu ni bora. Mimi naona metre 2.20 inafaa mahali pengi kuliko 1.80.

Na pale ambapo hata fimbo fupi haina nafasi? Hapo mvuvi hupiga magoti. Anamshika nzi kwa upande wa mviringo wa ndoana, asijichome kidole, anavuta uzi nyuma hata fimbo ipinde kama upinde, kisha anaachia. Nzi anaruka kama mshale, chini ya matawi, mpaka majini.

Samaki akishika, asiinue fimbo juu, itagonga matawi, aivute kando. Kisha alowanishe mkono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu huondoa ute wa ngozi yake. Asiyefika santimetre 18 sheria inataka arudishwe majini. Mara nyingi ni yeye.