Mbwa Mkubwa Hakuzwi kwa Pupa

Msomaji wangu, najua ukiliona neno mbwa juu ya habari, mkono wataka kufungua ukurasa wa pili. Stahamili kidogo. Mimi nami ni mtoto wa Pwani. Nimelelewa nikimwona mbwa nivuke barabara, na kanzu iliyoguswa na ulimi wake ioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama madhehebu yetu ya Shafii yatufundishavyo. Lakini niliyoyaona Marani, katika vilima vya Kisii, yamenilazimu kushika kalamu.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu aliyesomesha Mombasa miaka mingi, naye huniita "Sheikh", nusu heshima nusu mzaha. Nyumbani kwake pana migomba, chai na ng'ombe wawili wa maziwa, na usiku walinzi wao ni mbwa wawili. Mmoja ni wa kienyeji, esese kama Wakisii wamwitavyo, mwembamba, ala ugali uliobaki na dagaa wa Ziwa Viktoria. Wa pili ni wa mbegu ya Kijerumani, umri miezi mitano, makucha yake mapana kama visahani vya kahawa. Huyu alikuwa akichechemea.

"Sheikh, huyu simnyimi kitu," Mwalimu alinilalamikia. "Namnunulia chakula kikavu cha watoto wa mbwa, sahani yake haikauki. Tena nikaona mbwa mkubwa ataka mifupa mikubwa, nikamtilia na kijiko cha chumvi ya madini ya ng'ombe kila siku."

KIJIKO CHA MADHARA

Daktari wa mifugo alipofika, alimpapasa mnyama miguu, kisha akauliza habari ya chakula. Aliposikia kile kijiko, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kijiko hicho ndicho kinachomwumiza."

Akatueleza, nami nikasikiliza kama niliye chuoni. Mbwa mdogo mwenye miezi michache hana uwezo wa kuikataa kalsiamu iliyozidi. Ikiingia tumboni, nyingi huingia mwilini, na ukuaji wa mifupa huharibika. Mwaka 1985 wataalamu wa Uholanzi walichapisha habari za watoto wa mbwa wa Great Dane waliolishwa kalsiamu nyingi kupita kiasi: mifupa yao ilikwenda kombo. Na chakula kingi nacho humfanya mbwa anenepe upesi kabla viungo havijakomaa kuubeba uzito. Naam, haraka haraka haina baraka, hata kwa mbwa!

Hapo ndipo nilipojua kwa nini madukani kuna mifuko ya namna mbili, wa mbwa wa kawaida na wa mbwa wakubwa. Nilidhani ni werevu wa wafanyabiashara. Kumbe kwa mbwa anayekua tofauti ni ya kweli. Kanuni zinazofuatwa na viwanda vya Marekani huweka kikomo cha kalsiamu kuwa asilimia 1.8 ya chakula, maji yakiisha kuondolewa, kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi. Kwa wengine kikomo ni asilimia 2.5. Basi mwenye mbwa asitazame picha ya mfukoni. Asome maandishi madogo, aone kama chakula kinawafaa mbwa wakubwa wakingali wanakua.

Mwalimu akauliza, "Basi na esese nimnunulie huo huo?" Daktari akacheka. Mbwa wa kienyeji ni mdogo, na tena amekwisha komaa. Pesa hizo heri zimlipie chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kwa mbwa mkubwa aliyekomaa, tofauti ya mifuko hiyo si kubwa sana. Kubwa ni kipimo. Utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliopunguziwa robo ya chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao.

AMANA

Tulipokuwa tukiusoma mfuko mpya, nilimwuliza Mwalimu kama mna nyama ya nguruwe. Akanijibu kuwa yeye ni Msabato, na Wasabato nao nguruwe hawamli. Tukautafuta usio nayo, tukacheka pamoja.

Wako wenzetu wenye mifugo na mashamba Kwale na Kilifi ambao hufuga mbwa wa ulinzi, na sheria imewaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Lakini ruhusa ina mzigo wake. Sote tumesoma chuoni habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Mwalimu hakumnyima mbwa wake. Alimpa kwa mapenzi, ila bila kujua, na mnyama ndiye aliyelipa.

Juzi amenipigia simu. Mbwa sasa akimbia na kubweka usiku kucha, ila mguu mmoja wa mbele haukunyooka sawasawa, na daktari asema huenda ukabaki hivyo. "Sheikh," akaniambia, "waandikie watu wako." Nami nimeandika.