Jinsi vifuniko vya plastiki husogeza mbele taya lililorudi nyuma

MTOTO ambaye taya lake la chini limerudi nyuma huonekana kana kwamba meno yake ya juu yamechomoza. Hata hivyo, mara nyingi kasoro haiko juu bali chini. Mbali na kuathiri sura, meno hayo ya mbele huwa katika hatari kubwa ya kuvunjika mtoto aangukapo au agongwapo uwanjani.

Kwa miaka mingi, madaktari wa meno wametumia vifaa vya kulisogeza taya mbele. Kimojawapo ni Twin Block, kilichobuniwa na daktari William Clark wa Uskoti mwaka wa 1977. Mnamo 2017, kampuni ya Align Technology ya Marekani ilianza kuuza katika baadhi ya nchi vifuniko vya plastiki angavu vyenye mabawa madogo ubavuni, vinavyofanya kazi hiyo huku vikinyoosha meno.

Je, vinafanyaje kazi? Mabawa ya kifuniko cha chini hukaa mbele ya mabawa ya kile cha juu. Mtoto anapofunga kinywa, mabawa hayo hukingana, na taya halina budi kutua mbele kuliko lilivyozoea. Taya husogezwa kwa awamu, takriban milimita 2 kila mara.

Misuli nayo hujaribu kulirudisha nyuma. Nguvu hiyo haipotei: hupitia mabawa hadi kwenye meno, ikiyasukuma ya juu nyuma na ya chini mbele. Hapo ndipo penye utata. Meno ya chini yakiinamia mbele kupita kiasi, pengo huzibika ilhali taya lenyewe halijabadilika sana. Kwa kuwa plastiki hulifumbata kila jino, daktari anaweza kuupunguza mwinamo huo, ingawa si kuukomesha.

Wakati unaofaa ni kipindi cha kubalehe, mifupa ikuapo kwa kasi. Hata hapo, sehemu kubwa ya mabadiliko hutokana na kusogea kwa meno. Mfupa huongezeka kidogo tu. Mtu mzima mwenye kasoro kubwa huenda akahitaji upasuaji.

Vifuniko huvaliwa kati ya saa 20 na 22 kwa siku, na huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki. Kwa hivyo, kabla ya kugharimia matibabu, mzazi ajiulize maswali mawili: je, mtoto bado anakua? Na je, atavivaa?