Francis Daniel Pastorius: Mwalimu, Mshairi na Hati Isiyojibiwa

Miongoni mwa watunzi wa mashairi wa siku za mwanzo za Marekani, Francis Daniel Pastorius hutajwa mara chache. Hata hivyo, sisi tulio wa mapokeo ya Kilutheri tunayo sababu ya kumkumbuka. Alizaliwa mwaka 1651 huko Sommerhausen, Ujerumani, akalelewa katika imani ya Kilutheri, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1676. Mjini Frankfurt aliguswa na uamsho wa Wapietisti, wafuasi wa Mchungaji Philipp Jakob Spener. Mwaka 1683 alivuka bahari hadi Pennsylvania, akawa mwanzilishi wa makazi ya Germantown, akashiriki ibada za Marafiki, yaani Wakweka.

Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa ualimu: kwanza Philadelphia kuanzia 1698, kisha Germantown kuanzia 1702, ambako alifundisha hata usiku kwa ajili ya waliofanya kazi mchana. Mashairi yake ya Kilatini, Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine aliyakusanya katika kitabu cha mkono alichokiita Mzinga wa Nyuki, akikusudia kuwarithisha wanawe.

Lakini andiko lake zito kuliko yote si shairi. Mwaka 1688 yeye na wenzake watatu walitia sahihi hati ya kupinga utumwa. Hoja yao ilisimama juu ya kanuni ya Bwana wetu katika Mathayo 7:12, kwamba haibagui ukoo wala rangi. Mkutano wa mwezi wa Marafiki uliona jambo hilo ni zito mno, ukalipeleka kwa mkutano wa robo mwaka. Nao ukalipeleka kwa mkutano wa mwaka, ambao haukutaka kutoa uamuzi.

Tuangalie vema: hakuna kikao kilichoikanusha hoja yenyewe. Viwili vya kwanza viliipitisha mbele tu, na cha tatu hakikutoa uamuzi. Ilikuwa mwaka 1776 ndipo Marafiki wa Philadelphia walipowakataza washirika wao kumiliki watumwa. Pastorius alikuwa amekwisha kufa yapata mwaka 1720, na katika miaka ile 88 watu walizaliwa na kuzikwa utumwani.

Sisi tuketio katika vikao vya sharika na dayosisi twaijua njia hiyo. Je, ni kilio cha nani tunachokiahirisha leo kwa sababu ni kizito?